Miti ya Mombasa msiisajili Miami: jibu kwa kikundi cha Likoni kuhusu i-Tree

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Likoni, nalifupisha. Wao ni kikundi cha vijana, wamepima miti ya mashule na ya kando ya barabara huko Likoni na Kisauni, wakaingiza yote kwenye i-Tree Eco, programu ya kompyuta ya kuhesabu miti na faida zake. Kenya hawakuiona kwenye orodha ya nchi, mwenzao mmoja akasema chagueni Miami, joto ni lile lile na bahari ipo. Programu ikakubali, ikawatolea ripoti nzuri ina grafu na rangi, na mwisho hesabu ya dola ambazo miti yao eti yaingiza kila mwaka. Sasa wataka kuipeleka kaunti, ila mmoja wao ana wasiwasi. Auliza, je yafaa?

Dadangu, huyo mwenye wasiwasi msikizeni. Hizo dola msizipeleke popote. Lakini pia msitupe kazi yenu, manake sehemu kubwa ya hio ripoti ni nzima kabisa, shida ni kujua ipi nzima na ipi ya kuazima.

Tuanze na hii programu yenyewe. i-Tree ni ya bure, imetolewa na idara ya misitu ya Marekani, USDA Forest Service, pamoja na kampuni ya Davey na washirika wengine, tangu 2006. Hio Eco mnayotumia ni mtoto wa modeli ya zamani iliyoitwa UFORE, ambayo kina David Nowak waliijenga Syracuse, New York, miaka ya tisini. Kwa hivo imezaliwa na miti ya kule, hewa ya kule na bei za kule. Si aibu, kila modeli lazima izaliwe mahali. Taabu ni kuwa ukiifungua hayo yote huyaoni, waona tu kisanduku cha kujaza mji, na ukijaza mji wowote yakubali haikuulizi kitu. Nyinyi mlipochagua Miami hamkuchagua joto peke yake, mlichagua mvua ya Miami ya saa kwa saa, moshi wa magari ya Miami, wingi wa watu wa Miami, bei ya umeme ya Florida na tarehe za majani kuchipua na kupukutika za kule, vyote vikaingia kimya kimya nyuma ya hio grafu.

Vilivyo vyenu ni vile mlivyoshika kwa mkono. Idadi ya miti, aina, unene wa shina, urefu, upana wa mwavuli wa majani, na kama mti ni mzima au wafa. Hivyo havijui Miami wala Makupa, ni vya kwenu, na mkiniuliza mimi ndio roho ya ripoti. Kaunti ikijua tu kuwa kwenye barabara fulani miti saba kati ya kila kumi ni mwarobaini, hapo wamepata kitu, manake siku mdudu mmoja akiupenda mwarobaini barabara nzima yabaki jua tupu.

Eneo la majani nalo ni nusu kwa nusu. Eco yalikadiria kwa upana na urefu wa mwavuli mliopima, hapo sawa, lakini fomula yenyewe asili yake ni miti ya mjini Chicago inayopukutisha majani, Nowak aliichapisha 1996. Kwa mwarobaini au mwembe ulio peke yake uwanjani yakubalika. Mvinje ndio wanitia shaka, kile kinachoonekana kama majani si majani, ni vijiti vya kijani, na hakuna mvinje Chicago. Mkiwa na mivinje mingi, na huku pwani iko tele, toka Rene Haller wa kiwanda cha saruji aanze kuipanda kwenye machimbo ya Bamburi 1971 watu wameipenda, iandikeni mstari wake peke yake msiichanganye kwenye wastani.

Sasa hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwenye ukuaji. Programu haijui mti wako umenenepa kiasi gani mwaka jana, yakisia. Yaanza na unene wa kama sentimita 0.8 kwa mwaka, mahali penye siku 153 zisizo na baridi ya kugandisha, halafu ikienda mji mwengine yapandisha ama yashusha kwa kadiri ya hizo siku. Kwa kule ni akili nzuri tu, kinachousimamisha mti Minnesota ni barafu. Lete Mombasa sasa. Siku zote 365 hakuna barafu, gawanya kwa 153 wapata kama 2.4, kwa hivo mti wako wa kawaida wapewa karibu sentimita mbili kila mwaka, mwaka mtungo. Na huku kwetu mti wasimamishwa na nini? Na kiu. Januari mpaka Machi kaskazi yavuma, ardhi ngumu kama sakafu, mwarobaini wa kando ya barabara umezungukwa na lami kila upande na mtu amemwaga maji ya sabuni shinani, hio miezi haukui kitu. Programu kiangazi haikijui, yapunguza tu ukiandika mti una hali mbaya ama umefunikwa na wenzake. Na Miami haikuwaokoa hapo, kule pia barafu ni nadra, kwa hivo mmepewa ukuaji wa mwaka mzima na mvua ya watu wengine juu yake.

Kwa hivyo mkiona kwenye ripoti kuna kaboni iliyomo ndani ya miti na kuna kaboni inayoongezwa kila mwaka, ile ya kwanza twaweza kuizungumza, ya pili ifuteni. Mkitaka ya kweli ni kazi rahisi ila ya subira: chagueni miti kadhaa ya kila aina, pigeni mstari wa rangi pale pale tepu ilipopita, mrudi baada ya miaka miwili mpime juu ya ule ule mstari. Rangi muhimu, sentimita kumi juu au chini na hesabu yote imeharibika. Na muandike mmepima kimo gani, Wamarekani wapima unene mita 1.37 kutoka chini, watu wa misitu wa huku wengi hupima 1.3, tofauti si kubwa lakini mkichanganya kila mtu na chake mwakani hamtajua mti umekua au tepu imeshuka.

Hio kaboni iliyomo nayo msiiamini hivi hivi. Mti ambao programu haina fomula yake yaupa wastani wa jamaa zake, na hao jamaa mara nyingi ni wa nchi za baridi. Mimi huihakiki pembeni kwa fomula ya miti ya tropiki ambayo mtafiti Chave na wenzake waliitoa 2014: chukua uzito wa mbao (gramu kwa kila sentimita ya ujazo), zidisha kwa unene mara unene, zidisha kwa urefu, jumla hio ipandishe kipeo cha 0.976, halafu zidisha kwa 0.0673, wapata kilo za mti mkavu bila mizizi. Tuseme mwarobaini una unene wa sentimita 40, urefu mita 10, mbao 0.65. Ndani yapata 10,400, ukimaliza wapata kama kilo 560. i-Tree huwa yaikata mpaka ibaki asilimia 80 kwa miti ya mjini iliyosimama peke yake, kwa sababu fomula zatoka msituni ambako miti yajibana na kurefuka, nami huikata vivyo hivyo na kuandika kuwa nimeikata, yabaki kama 450, na nusu yake ndio kaboni. Fanyeni hivyo kwa miti ishirini thelathini mlinganishe na alichotoa Eco. Zikikaribiana mwendelee, zikiachana sana mjue ni aina gani yaleta fujo.

Mbuyu lazima ulete fujo. Mbao yake ni nyepesi mno, chini ya 0.3, shina ni maji tu na mara nyingi lina shimo ndani, ukiupa fomula ya mti mgumu wa 0.6 umeuzidishia mara mbili na zaidi kabla hujagusa hilo shimo. Ile mibuyu ya Mama Ngina kwa mfano, mkiitia kwenye orodha bila kuitenga, itabeba kaboni ya mtaa mzima kwenye karatasi na mtu wa kaunti atauliza kwani miti mingine yafanya kazi gani. Itengeni, iandikeni idadi na unene, inatosha.

Na mnazi. Mnazi haunenepi, ukishasimama shina lake ni lile lile mpaka unaanguka, unachoongeza ni urefu. Kwa hivo hesabu yoyote inayouangalia unene kukisia umri au ukuaji kwa mnazi ni hadithi, uzito wake wategemea urefu. Hakikisheni kwenye kila mnazi mmejaza ni aina ya mnazi kweli na urefu umepimwa, si kukisiwa kwa macho ("kama ghorofa tatu hivi" nimeiona kwenye fomu za watu). Na tepu ipitishwe pasipo ile mikato wanayokata wakwezi kupandia, ukiiweka juu ya mkato umepoteza sentimita, ukiiweka kwenye uvimbe wa chini kule mizizi inakotoka umezidisha, basi tafuta pale palipo laini.

Mikoko hamkuitaja lakini najua mtaifikia, mkiwa Kisauni ama Mikindani hapo Tudor iko mbele yenu. Mkoko wenye mizizi ya miguu haupimwi kimo cha kifua, wapimwa sentimita 30 juu ya mguu wa juu kabisa. Mchu na mlilana hupimwa kawaida. Na kaboni nyingi ya mikoko iko kwenye tope huko chini, ambayo Eco haiihesabu, kwa hivo mkiwapelekea kaunti namba ya Eco kama thamani ya mikoko mtakuwa mmeipunja. Kwa hio kazi nendeni KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani, wameisomea miaka mingi, msianze upya.

Mvua. Hapa wengi huharibu bila kujua. Eco yahesabu maji yanayoshikwa na majani saa kwa saa, na jani moja halishiki mengi, modeli yalipa kama milimita 0.2 kwa kila eneo lake, mti wenye majani tabaka nne washika kama milimita 0.8 tu kabla haujaanza kumwaga. Sasa nyinyi mnaijua mvua ya Mei, yaja kwa kishindo, milimita 48 kwa saa mbili tatu na Mwembe Tayari imefurika, hapo majani yamejaa dakika za kwanza na maji yaliyobaki yote yaenda chini. Lakini mtu akipewa mvua ya siku, akaigawa kwa 24, programu yaona milimita 2 kila saa, mvua ya kistaarabu, majani yakauka kidogo na kushika tena mchana kutwa, na mwisho wa mwaka miti yaonekana imezuia mafuriko ambayo haikuyazuia. Ni data halisi, jumla ya mwaka iko sawa hata kwa milimita, na jibu bado ni la uongo. Kwa hivo mvua ya saa kwa saa ama msitoe namba ya maji.

Uchafu wa hewa ndio mgumu zaidi. Programu yataka mwaka mzima wa vipimo vya saa kwa saa, ozoni, naitrojeni dayoksaidi, salfa dayoksaidi, kaboni monoksaidi na zile chembe ndogo za PM2.5. Msikope za Nairobi. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 na huku tuko chini na upepo wa bahari, malori ya Changamwe yana hewa yao. Vile visensa vya bei nafuu watu wanavyoweka madirishani vyasaidia kwa PM2.5 tu, navyo unyevu wa Mombasa wavipumbaza, chembe ikinyonya maji yavimba na sensa yasoma uchafu zaidi ya ulioko, basi lazima visahihishwe kwa kuwekwa kando ya kipimo kikubwa kwanza. Kama hamna data hio, sehemu nzima ya hewa itoeni kwenye ripoti. Najua inauma, ndio ile yenye picha nzuri.

Umeme: itoeni pia. Ile hesabu imejengwa kwa nyumba za Kimarekani, zenye joto la kuwasha msimu wa baridi na AC kila chumba. Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale yenye kuta nene, na banda la mabati la mtu wa mtaa wa Bangladesh kule Mikindani, hazimo humo. Halafu kuna hili, kila yuniti ya umeme iliyookolewa hugeuzwa kuwa hewa ya kaboni iliyozuiwa, na Kenya karibu asilimia 90 ya umeme ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, kwa hivo yuniti yetu haina moshi kama wa Florida.

Na dola zenyewe sasa. Thamani ya hewa safi kwenye Eco yatokana na gharama za hospitali na maisha za Marekani, kwa mfumo wa shirika lao la mazingira, EPA. Thamani ya mti wenyewe ukikatwa yatokana na mfumo wa wakadiriaji wa miti wa kule. Kubadilisha dola kuwa shilingi kwa bei ya benki siku hio hakubadilishi kitu, ni bei ya Marekani iliyovaa kanzu. Waingereza walipoanza, mji wa kwanza ukiwa Torbay, hawakubaki na bei za Marekani peke yake. Waliweka bei za serikali yao za kaboni na za madhara ya hewa, na kwa thamani ya mti wakatumia mfumo wao wa CAVAT. Ndio maana London ilipotoa yake 2015, miti milioni 8.4 na pauni zaidi ya milioni 130 za faida kwa mwaka, watu wa manispaa waliweza kuisoma pamoja na bajeti yao. Waaustralia nao ilibidi wageuze misimu, manake Januari kwao si baridi. Yaani kuhamisha programu si kutafsiri menyu, ni kujaza upya kila kisanduku kilichojazwa na mtu wa kwanza.

Na njia rasmi ipo. i-Tree wana sehemu yao yaitwa i-Tree Database, watu wa nchi nyengine hupeleka humo vitu vyao: aina za miti ambazo hazimo, kwa jina la kisayansi na sifa zake, mahali penyewe, latitudo, mwinuko, idadi ya watu, tarehe za majani, mvua ya saa kwa saa na hewa ya saa kwa saa. Wao wahakiki, halafu waingiza kwenye toleo jipya, na hapo mtu yeyote wa Mombasa akifungua aikuta. Hio ni kazi ya miezi na si ya kikundi peke yake, inafaa iwe na chuo nyuma yake, Technical University hapo Tudor ama Pwani kule Kilifi, pamoja na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wa Gede ambao miti ya pwani waijua. Kwa tarehe za majani msiandike tarehe za kukisia eti kwa sababu fomu yataka. Miti yetu mingi ina majani mwaka mzima, mkungu wageuka mwekundu na kupukutisha wakati wake, mbuyu hukaa uchi miezi, hayo yaandikwe kwa aina, si kwa mji.

Kwa sasa mfanye nini? Anzisheni projekti mpya msiendelee na ile ya Miami, faili yenu ya Excel inaingia upya bila kupima tena. Mkitaka kusema juu ya kaunti nzima kuanzia Jomvu mpaka Likoni, miti ya mashule na barabara haitoshi, mwahitaji ploti, yaani vipande vya ardhi, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Kawaida ni 200 za eneo la ekari moja ya kumi, duara la mita 11.35 toka katikati mpaka ukingoni, na hapo kosa la kadirio la idadi ya miti huwa kama asilimia 12. Ploti nyengine zitaangukia ndani ya ukuta wa mtu Nyali, bisheni hodi kwa barua, na mkikataliwa msisogeze ploti nje barabarani ati ni karibu, mtakuwa mwapima miti ya barabara tena.

Kama hio ni kubwa kwenu mwaka huu, kuna i-Tree Canopy, hio yafanya kazi popote kwa upande wa kuhesabu kivuli. Yatupa nukta kwenye picha za Google na nyinyi mwasema hapa ni mti, hapa ni paa, hapa ni lami. Mkiweka nukta 500 na 100 zikaangukia miti ni asilimia 20, na kosa lake kama 1.8, mkifika nukta 1,000 lashuka mpaka kama 1.3. Mpeane nukta hamsini za pamoja kwanza muone kama mwakubaliana, makuti yaliyozeeka na kivuli cha mnazi vyachanganya watu, na picha ikiwa ya Februari mbuyu usio na majani wapitwa kama haupo. Hio asilimia kaunti wataielewa mara moja kwa sababu wanaijua lugha yake, nchi nzima yazungumza asilimia 30 ifikapo 2032, na hesabu ya kitaifa ya 2021 ilisema miti imefunika asilimia 12.13. Ila sehemu ya faida na dola iliyo chini ya ukurasa wa Canopy, hio nayo iacheni.

Na barua ya idara ya hali ya hewa iandikeni wiki hii hii, data huchelewa. Ombeni mvua ya kituo cha uwanja wa ndege wa Moi, namba yake ya kimataifa ni 63820, mwaka mmoja kamili Januari mpaka Disemba, mwaka ule ule mtakaotafutia data ya hewa, na muandike wazi mwataka ya saa kwa saa. Mkijibiwa iko ya siku peke yake, ulizeni kama karatasi za kile kipimo cha mvua kinachojiandika chenyewe bado zipo, mtu akakae nazo asome.